Bwawa la Kimataifa la Majimoto

Jumatatu, 8 Julai 1996

Bwawa limekamilika! Nimelipa jina: Bwawa la Kimataifa la Afya. Maji ya moto yanatoka chini ya jiwe, yanaingia kwenye shimo nililochimba kwa mikono yangu. (Ngusa mfugaji alisaidia kidogo. Sawa, Ngusa alichimba, mimi nilisimamia.) Nimezungushia matete pande zote. Upande mmoja yalipungua, nikaziba kwa mlango wa choo chetu. Romana, mke wangu, kauliza sasa choo kitafungwa na nini. Mwanamke huyu haoni mbali.

Mambo yako hivi. Serikali ya kijiji imenipa chemchemi kwa majaribio hadi Jumamosi, siku ambayo baraza linakaa. Ikitokea aibu au ugomvi, chemchemi anapewa Celestin mwenye hoteli ya chai. Celestin anataka kuitumia kuchemshia mayai. Mayai! Maji ambayo Mungu kayapasha mwenyewe! Mwenyekiti wa baraza ni Mzee Polycarpe, baba yake Romana. Mtu angedhani mkwe atapendelewa. Huyo mtu hamjui Mzee Polycarpe. Kaniambia bado anaukumbuka mradi wangu wa kufuga nyuki sebuleni.

Romana naye kasema, tena kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya, kwamba amechoka kuwa mke wa miradi. Na huu ukiharibika anarudi kwa baba yake, na wazee wa kwenda kumbembeleza wasijisumbue. Nimemwambia hauharibiki. Bahati ni yangu: kuna wazungu wawili wamekwama hapa Majimoto! Gari lao limevunjika ekseli wakitoka mbugani Katavi. Nyingine inakuja kwa treni hadi Mpanda, kisha kwa lori. Wanalala nyumba ya wageni ya parokia. Mmoja Mmarekani, mmoja Mjerumani. Ukimataifa umekuja wenyewe!

Celestin kashawapelekea maandazi. Mnafiki.

Jumanne, 9 Julai

Ufunguzi. Mungu wangu.

Mmarekani anaitwa Bwana Dweni. Mrefu, mpole, kofia kubwa. Kastaafu kazi ya bima: kwao alikuwa anachunguza kama mtu aliyedai kaanguka kweli kaanguka. Mjerumani ni Bi Urike, mama mwenye mvi, mwalimu, mpenzi wa ndege. Kiswahili kajifunza kwa kaseti, anaongea kama taarifa ya habari. Walikutana Mbeya wakachangia gari. Tangu hapo wanabishana.

Bwana Dweni alilizunguka bwawa kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akauliza kibao cha kuonya kwamba maji ni ya moto kiko wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha stesheni (nilikuwa karani wa mizigo Mpanda, kabla ya mambo fulani) kwamba kijiji chenyewe kinaitwa Majimoto. Hakucheka. Akasema kwao mtu akiungua bila kuonywa anakwenda mahakamani, na mwenye maji anaweza kupoteza hata nyumba.

Wakati sisi tunaongelea nyumba, Bi Urike akavua nguo.

Zote!

Nikageuka upesi nikautazama mlango wa choo. Nimeutazama kwa makini sana. Bawaba ya chini imeoza. Bwana Dweni alipiga ukelele kama kaingiwa na siafu, akajifunika uso kwa kofia. Yeye mwenyewe alikuwa na kaptula hadi magotini, na fulana juu. Bi Urike, maji yakiwa shingoni, alishangaa kweli. Alisema kwao watu huoga hivi hivi, mchungaji, meneja wa benki na majirani, na kuingia majini na nguo ndio uchafu. Bwana Dweni, akiwa ndani ya kofia, akasema kwao angekamatwa. Bi Urike akamwambia kwamba nyie mnauonea aibu mwili mliozaliwa nao, lakini kumburuta jirani mahakamani hamwoni aibu. Bwana Dweni akajibu kwamba nyie mnaweza kuacha shimo wazi njiani, na mtu akitumbukia mnamwambia angetazama anakokwenda.

Nilikuwa natafsiri kwa nani sijui. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilitafsiri tu.

Hapo akatokea Ngusa na ng'ombe wake, wanakunywa maji pale chini. Bi Urike akamsalimia kwa sauti ya redio: "Habari za asubuhi, ndugu mfugaji." Ngusa akawageukia ng'ombe wake, akawatazama mmoja mmoja, akajibu, "Shikamoo, mama." Akapita zake.

Ng'ombe mmoja kala matete. Sasa kuna tundu.

Jumatano, 10 Julai

Sitaki kupoteza nyumba. Nimeamka na rangi na mbao, nikaandika vibao. HATARI: MAJI YA MOTO. HATARI: UTELEZI. HATARI: MATETE YANACHOMA. HATARI: NG'OMBE. Nafasi ikabaki, nikachora fuvu. Bwana Dweni alinishika mkono kwa furaha, akasema sasa huu ni uungwana.

Hadi jua linakaa utosini hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuja kuchota maji. Wamekwenda mtoni, kule mbali. Kumbe Celestin anawatangazia wanywa chai kwamba chemchemi ina kipindupindu! Fuvu langu ndilo ushahidi wake! Bwana afya alikuja na baiskeli, akanusa maji, akaondoka.

Mzee Polycarpe naye alipita. Alisoma vibao vyote polepole, mikono nyuma. Kisha akaniuliza kama pale nyumbani kwa binti yake nimeshaweka kile cha HATARI: MAXIMILIAN.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni Romana akawaeleza wageni tunavyoishi. Wanawake wanaoga juu ya jiwe, wanaume chini ya jiwe. Anayekaribia anakohoa. Basi. Bi Urike akauliza utaratibu huo umebandikwa wapi. Bwana Dweni akauliza asiyekohoa anashtakiwa wapi. Romana akasema haukubandikwa popote, na asiyekohoa anaonekana hana adabu, hashtakiwi, anaonekana tu. Wageni wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu Mbeya wamekubaliana jambo: kwamba kitu kama hicho hakiwezekani.

Mimi nilikuwa nawaza pazia.

Alhamisi, 11 Julai

Pazia! Rahisi namna hiyo! Bwawa moja, nchi mbili. Ulaya kushoto, Amerika kulia, katikati khanga. Nikachukua doti ya Romana ya zambarau, mpya kabisa, aliyoletewa na mama yake kutoka Sumbawanga. Sikumwomba. Mtu haombi ruhusa kwa jambo litakalomfurahisha.

Nilitundika khanga moja kwenye kamba, nyingine nikaiunga chini yake ikaning'inia hadi ndani ya maji. Bi Urike kushoto, akiwa kama alivyo. Bwana Dweni kulia, na fulana yake. Wakaongea kwa amani kuhusu ndege. Nikakaa nje nikajipongeza.

Sikuifikiria rangi. Khanga mpya, maji ya moto. Ilichuja!

Bwana Dweni alitoka majini zambarau. Kuanzia shingo hadi magoti. Masikio pia, sijui kwa vipi. Nilipiga magoti: pole, bwana! Pole sana! Jamani, pole! Bi Urike alichungulia juu ya kamba akacheka hadi akapaliwa. Yeye kachukua rangi kidogo tu upande mmoja na hakujali.

Bwana Dweni hakukasirika. Ndivyo alivyo. Alinikalisha juu ya jiwe akanionya kama baba. Kwao, alisema, ajali ikitokea usiseme kamwe neno hilo. Anayesema pole amekiri kosa. Kazini kwake walikuwa wanafundishwa: kaa kimya, andika jina, ondoka. Yeye hatanishtaki, lakini angekuwa mtu mwingine, angenila mzima.

Nikamuuliza mtu anashtaki namna gani hasa.

Akanieleza. Kumbe si jambo la kuogopa! Mtu anaanguka mahali pa mwenzake, anashtaki, analipwa! Miaka yote hii nimekuwa naanguka bure!

Nilirudi nyumbani naimba. Romana alikuwa amesimama uani kashika khanga mbili ambazo zilikuwa za zambarau na sasa hazina rangi yoyote. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake kwenye begi, akachukua sufuria yake kubwa, akaenda kwa baba yake. Nilimwita hadi alipopinda njia kwenye shamba la mpunga. Hakugeuka.

Nyumba ni kubwa ghafla. Na choo hakina mlango.

Ijumaa, 12 Julai

Nimelala vibaya lakini nimeamka na mpango. Celestin akiwa mshtakiwa, baraza haliwezi kumpa chemchemi. Chemchemi ikibaki kwangu, mradi haujaharibika. Mradi usipoharibika, Romana anarudi. Mpango hauna tundu. (Matete yana tundu, mpango hauna.)

Nikaenda hotelini kwa Celestin kabla hapajajaa sana. Nikaagiza chai. Nikamwaga kidogo chini. Nikaweka kikombe mezani, nikasimama, nikaanguka.

Anguko zuri! Mguu huku, benchi kule!

"Pole!" wakasema watu wote kwa pamoja. Celestin akatoka mbio jikoni: "Pole sana, ndugu yangu, pole!" Pudensiana, mkewe: "Jamani, pole shemeji!" Mama mmoja aliyekuwa anapita barabarani na kuni kichwani, hajui hata aliyeanguka nani: "Poleni huko!" Ngusa kutoka kwenye benchi la pembeni: "Pole, bwana."

Mimi chini, macho nimefumba, nawahesabu. Wanakiri! Wote wanakiri! Soko zima!

Celestin alinipandisha kwenye keria ya baiskeli yake akanileta nyumbani, anasukuma, jasho linamtoka. Akanikanda mguu kwa maji ya chumvi. Jioni Pudensiana akaja na uji, halafu kuku, tena jogoo, mzima. Aliuliza Romana yuko wapi, nikasema kamtembelea baba yake. Akafagia uwanja, akaondoka.

Nimemla jogoo. Kuna kitu kinanikaba hapa kifuani. Lazima ni mfupa.

Bwana Dweni naye kaja kunitazama, bado zambarau. Alitazama mguu, akatazama mimi, kisha akaniambia taratibu kwamba Bi Urike na yeye walikuwa hotelini, dirishani. Mtu anayeteleza kweli haweki kikombe mezani kwanza. Na mkono wangu ulishika benchi kabla mguu haujaondoka. Anguko bovu, alisema, hajaona bovu kama hilo miaka mingi.

Nimemshukuru. Mtu hujifunza.

Jumamosi, 13 Julai

Baraza lilikaa kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Kijiji kizima madirishani. Romana amekaa mbele, karibu na baba yake, hanitazami.

Nilichechemea hadi mbele. Nikaeleza anguko. Nikaeleza sheria ya kimataifa. Nikasema washtakiwa wangu ni Celestin, mke wake, Ngusa, mama wa kuni na wengine wote waliosema pole, kwa sababu wamekiri kwa midomo yao.

 Mtu mmoja dirishani akaanza kucheka, na wengine wakafuata, wakacheka hadi dawati likavunjika na katibu wa baraza akaenda nalo chini. "Pole!" wakamwambia wote. Wakacheka tena.

Mzee Polycarpe hakucheka. Alingoja. Kisha akauliza mgeni alipotoka majini na rangi ile, mimi nilimwambia nini.

Nikasema sikumbuki.

Basi aulizwe mgeni, akasema mzee. Na mtafsiri ni nani hapa Majimoto? Mimi! Bwana Dweni akasimama, akajibu kwa uaminifu wote kwamba nilimwambia pole, tena nimepiga magoti. Nikatafsiri: mgeni anasema nilimwambia karibu sana. Bi Urike akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Sahihisho," akasema kwa sauti ya redio. "Alisema pole. Alisema pole mara nyingi."

Nikakaa.

Celestin hakujua kuacha hapo. Akaruka juu, akasema mimi pia nishtakiwe kwa aibu: mama wa Kizungu kaoga uchi bwawani kwangu, mchana kweupe! Mzee akauliza nani kaona. Celestin akasema yeye mwenyewe. Kaona kutoka wapi? Kutoka juu ya mkuyu ulio jirani na bwawa. Alikuwa anafanya nini juu ya mkuyu? Celestin akasema alikuwa anakagua. Pudensiana akasimama kule nyuma, akauliza ulikagua siku ngapi, mume wangu? Celestin akaanza kukohoa. Mzee Polycarpe akamwambia kikohozi hicho kimechelewa, kilitakiwa kule.

Ngusa akaitwa kama shahidi, maana alipita pale. Akaulizwa aliona nini.

"Niliona ng'ombe wangu," akasema Ngusa.

Akaulizwa tena, hakuona kingine? Akasema ng'ombe walikuwa wengi. Hapo hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Bi Urike akasimama. Uso ulikuwa mwekundu, na si rangi ya khanga. Alisema hakujua kwamba anatia watu aibu. Hakuna aliyemwambia. Kwao kitu kikikatazwa kinaandikwa, na pale bwawani kuliandikwa kila kitu, hata ng'ombe, ila hicho hakikuandikwa. Alimgeukia Romana akamwomba radhi. Romana akafungua kitenge chake cha juu, akamfunga kiunoni pale pale mbele ya watu, akamwambia, "Sasa umejua, mama. Yameisha."

Kisha Bwana Dweni. Alivua kofia. Masikio bado zambarau. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani ananisubiri nitafsiri kimya. Halafu akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, akimtazama Romana: "Pole kwa khanga."

Yeye hakuharibu khanga ya mtu! Aliniambia niwatafsirie kwamba kazini kwake neno hilo lilikatazwa maisha yake yote, na kwamba mke wake alipokuwa mgonjwa mwaka wa mwisho, hakujua kumwambia pole hata yeye. Nilitafsiri vizuri mara hii. 

"Asante," Romana akasema. "Nimeshapoa."

Hukumu ikawa fupi. Chemchemi si ya Maximilian, si ya Celestin. Ni ya wanawake wanaochota pale kila siku, na msimamizi ni Romana. Celestin akate matawi ya mkuyu. Mimi ning'oe vibao, nimrudishie Pudensiana jogoo, na nimpelekee mke wangu doti ya khanga isiyochuja.

Nilimfuata Romana nje. Nikamuuliza kama atarudi. Akasema hawezi kuishi nyumba yenye choo kisicho na mlango.

Nikakimbia! Katikati ya njia nikakumbuka kwamba nachechemea. Nikachechemea kidogo hapo mbele ya hoteli ya Celestin, kwa heshima, nikaendelea kukimbia.

Jumapili, 14 Julai

Mlango umerudi. Bawaba mpya. Romana kaja baada ya misa, na sufuria. Kaufungua mlango, kaufunga, kaufungua. Akaingia ndani akawasha moto.

 Nilikata kuni hadi giza likaingia.

Jumanne, 16 Julai

Lori limeleta ekseli, wageni wameondoka. Bi Urike kapanda gari na kitenge cha Romana, kasema atakivaa kwao mtoni na majirani watashangaa. Bwana Dweni aliwaambia watu wote pole, hata wasiokuwa na shida. Kajifunza juzi, sasa hashikiki. Kule chemchemi wanawake wanaoga juu ya jiwe, wanaume chini, watu wanakohoa, hakuna kibao. Pudensiana na Romana wanataka kupanda maua. Mambo yametulia. Nimetubu. Mimi na miradi basi.

Ila.

Wakati wa kuagana Bi Urike alimwambia Romana, nami nikasikia, kwamba kwao wanawake wenye uwezo wanakwenda mahali maalumu kupakwa tope. Tope! Mwili mzima! Wanafungwa kwenye shuka kama mikate, wanalala, wanaamka ngozi imekuwa laini, na wanashukuru! Bwana Dweni akasema hata kwao wapo, ila wao wanatia sahihi kwanza.

Romana alicheka akaenda zake. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa natazama pale chini, ng'ombe wa Ngusa wanapokunywa. Tope jeusi, laini, linavuta kama uji. La bure! Wanawake wamepewa chemchemi. Tope hakuna aliyelitaja. Nilikuwepo barazani, nilisikiliza vizuri.

Nimejaribu kwanza kwenye uso wangu. Unabana, na mdomoni tope lina chumvi chumvi. Dalili nzuri sana. Kuna harufu, lakini harufu ndiyo dawa. Nimejaza debe nikaficha nyuma ya nyumba, chini ya majani ya migomba, Romana asijue kabla sijamweleza vizuri.

Sasa hivi kuna ng'ombe saba uani. Wananilamba uso.